Laptop ya Mama wa Programu

Kwetu Laini Saba, hapa Nairobi, treni ikipita watu hunyamaza. Si kwa heshima wala kwa woga, ni kwa sababu hakuna atakayekusikia. Ukiwa unapatana bei ya sufuria, unabaki umenyoosha kidole. Ukiwa unamkanya mtoto, neno linabaki mdomoni, na mtoto analijua hilo, anaitumia nafasi hiyo kutoroka. Mabati yanatetemeka, vikombe vya chai vinagongana, kisha treni inaenda zake na kila mtu anaendelea pale alipoachia. Nilipomaliza darasa la nane na kuja kukaa na anko wangu, sikuchukua muda kuzoea. Mimi hata bila treni si mtu wa maneno.

Naanza na treni kwa sababu jibu lote lilikuwa mbele ya macho yangu siku ile ilipopita, nami nikaliona kama jambo la kila siku.

Anko ni ndugu ya mama yangu. Ana kibanda cha kutengeneza simu na laptop karibu na reli, na mimi ndiye ninayefanya kazi naye. Anayepakana nasi ni fundi wa kuchomelea vyuma, anatengeneza milango ya ploti na vyuma vya madirisha. Akiinua nyundo, meza yetu inaruka. Anko alikata ndala kuukuu akaweka vipande chini ya miguu ya meza, na tukifungua kitu tunazibandika skrubu kwenye sumaku ya spika iliyokufa ili zisitawanyike. Kelele ile nimeizoea hata nikilala nyumbani siku isiyo na kazi naona kama kuna kitu kimepungua.

Mama mwenye laptop alikuwa mteja wetu kutoka Kawangware. Anachapa na kuprinti programu, za harusi moja moja, lakini kazi yake hasa ni programu za mazishi. Watu wetu wa Magharibi wakifiwa hapa Nairobi, jioni wanakutana kuchanga, halafu basi linakodishwa na maiti inapelekwa nyumbani. Katika basi hilo lazima programu ziwe zimepakiwa: picha ya marehemu mbele, historia yake ndani, nyimbo nyuma. Mtu anaweza kuzikwa bila maua na asisemwe. Akizikwa bila programu, watu wa kule watauliza kama Nairobi alikuwa akiishi na ng'ombe. Baada ya matanga karatasi ile inabandikwa ukutani sebuleni au inawekwa ndani ya Biblia, na kwa wazee wengi ndiyo picha pekee inayobaki.

Basi mama wa programu, ndivyo tulivyomwita, alikuja ameikumbatia laptop ndani ya leso kama mtoto mwenye homa. Mjukuu wake alikuwa amevuta waya wa chaja, laptop ikaanguka chini. Tangu hapo ilikuwa nzito kufunguka, na ukiweka sikio ulisikia ndani inagonga, tk, tk, tk, kama kucha juu ya meza.

"Mami," aliniambia, maana ndivyo anavyoita wasichana wote, "humu ndani kuna watu. Kuna walio hai na kuna walioenda. Picha za kanisa za miaka yote. Usinipotezee hata mmoja."

Niliitikia kwa kichwa. Ningependa kumwambia neno la kumtuliza, lakini maneno yangu huja mtu akishaondoka.

Anko alikuwa amenieleza zamani diski ilivyo ndani. Kuna sahani inayozunguka kwa kasi sana, na juu yake mkono mdogo wenye kitu kama sindano, ambao unaelea bila kuigusa. Laptop ikianguka, sindano inaparuza sahani, na palipoparuzwa hapasomeki tena. Kwa hiyo wenye kuzitengeneza wameweka kinga. Laptop nyingine zina kifaa kidogo kinachohisi mshtuko, na kikihisi hivyo kinauambia ule mkono ukimbie pembeni ukae mpaka mambo yatulie. Ya mama wa programu ilikuwa na kinga hiyo, lakini ilianguka kiubavu juu ya simiti, na kinga haikuwahi.

Anko akatafuta diski nyingine mjini, ya mtumba lakini nzima. Kabla hajaifunga, alipigiwa simu kutoka nyumbani kwamba upepo umeng'oa paa la nyanya yangu. Alikuwa anafunga begi huku ananipa maagizo.

"Jumamosi ifunge hiyo diski. Hamisha kila kitu kutoka kwa ile mbovu, polepole, usiiharakishe. Na kabla ya kufunga angalia ile mambo ya kinga ya kuanguka, kama zinapatana. Sawa?"

"Sawa, anko."

Sikujua kupatana kwenyewe ni kupatana vipi. Ningeuliza, angejibu, hana neno baya yule mtu. Lakini kuuliza kwangu ni kama kusimamishwa mbele ya darasa. Nilijiambia nitaelewa nikifika hapo.

Jumamosi jirani yetu hafungui. Ni Msabato. Alipita asubuhi amevaa shati jeupe na Biblia kwapani, hakuna nyundo, hakuna cheche, na meza yangu ilikuwa imetulia kama ya ofisini. Nilifurahi. Nilifungua laptop, nikabandika skrubu kwenye sumaku kwa mpangilio niliozitoa, nikaitazama diski mpya. Ilikuwa na lebo yenye maandishi madogo ya Kizungu. Nilisoma neno moja moja, nikikwama natafuta kwenye simu, mpaka nikaelewa kwamba diski ile pia ilikuwa na kinga yake yenyewe, iliyojengwa ndani.

Niliwaza hivi: laptop ina kinga, diski ina kinga, hapo ndipo zinapopatana. Mbili ni bora kuliko moja. Ni kama mtoto aliyevalishwa sweta mbili asubuhi ya Julai. Na kwa vile ile ya kwanza iliuawa na mjukuu, niliona mama wa programu amepata bahati.

Kuhamisha vitu kulichukua karibu siku nzima. Ile diski mbovu ilikuwa inagonga, inanyamaza, inagonga tena, nami nimeiwekea kiganja juu kana kwamba joto la mkono lingesaidia. Sikula. Niliogopa nikiondoka itaniona nimeondoka. Hatimaye kila kitu kilihama. Nilipojaribu kuiwasha tena ile ya zamani, haikuamka kabisa. Nilibaki nimeishika. Watu wote wa yule mama, walio hai na walioenda, sasa walikuwa mahali pamoja tu.

Nikiwa bado najaribu ile mpya, nafungua picha moja, nafunga, nafungua nyingine, treni ikapita. Mabati yakalia. Mshale kwenye skrini ukasimama. Muuza mahindi pale nje alisimama na mkono hewani, mteja wake akasimama, na mimi nikasimama. Treni ikaenda. Muuza mahindi akaendelea, mshale ukaendelea, nami nikachukua bisibisi nikafunga kifuniko. Kila kitu Laini Saba husimama treni ikipita. Sikuona ajabu laptop nayo ikisimama.

Jumapili baada ya ibada nilimpelekea mama laptop yake Kawangware. Kibanda chake kimegusana na kisiagi, yaani ile mashine ya kusaga mahindi, ukuta wa mabati mmoja kwa wote wawili. Msagaji ni mtu wa kanisa, Jumapili hafungui. Tulikaa kimya kizuri, mama akafungua picha moja baada ya nyingine, akacheka peke yake, akasema, "Huyu alikuwa mnene hivi?" Alishika mikono yangu akaiombea. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Katikati ya wiki akapiga simu.

"Mami, hii kitu inasimama. Inasimama, inaamka, inasimama."

"Pengine ni stima," nilisema. "Izime uiwashe."

"Nimezima nimewasha."

"Basi nitakuja."

Sikwenda siku hiyo. Nilijiambia ni stima ya Kawangware, nikaikimbiza kazi nyingine. Kesho yake akapiga tena, na sauti ilikuwa nyingine.

"Kuja sasa hivi. Kuna mazishi. Basi linaondoka leo jioni na sina hata karatasi moja. Na picha ya marehemu iko humu ndani peke yake, mami. Hakuna mahali pengine."

Akanitajia marehemu ni nani, kumbe nilimjua.

Alikuwa mama aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, kule Kisumu Ndogo karibu na kwetu. Tangu nilipokuja mjini nilinunua omena kwake. Akishapima, alichota kidogo tena akaongeza juu ya karatasi, akasema, "Hii ya juu ni ya paka."

"Sina paka, mathe."

"Basi ni bahati yako."

Tulisema hivyo kila mara, bila kubadilisha neno. Kulikuwa na majuma kadhaa meza yake ilikuwa tupu. Nilidhani ameenda ushago, nyumbani kwao. Kumbe alikuwa mgonjwa kwa mwanawe Kawangware, na huko ndiko alikofia. Alikuwa mtu asiyetaka kupigwa picha, akiona simu imeinuliwa anageuza uso. Siku moja tu, siku ya akina mama kanisani, mama wa programu alimpiga picha bila yeye kujua. Hiyo ndiyo picha.

Nilichukua boda boda. Nilikuwa nimeshika mfuko wa vifaa kifuani na njia nzima nilikuwa nasikia ile tk, tk, tk, ingawa haikuwepo.

Kisiagi kilikuwa kinanguruma. Akina mama walikuwa wamepanga foleni na debe na ndoo zao za mahindi. Vumbi la unga lilikuwa hewani, limekaa juu ya printa, juu ya nyusi za mama wa programu. Mlangoni alisimama mwanaume mmoja amevaa jaketi la kung'aa la mjengo, viatu vina simiti. Ndiye mtoto wa marehemu.

"Fundi ndiye huyu?" alimuuliza mama wa programu, akipaza sauti juu ya mashine.

"Ndiye."

"Huyu ni mtoto!"

"Mkono wake si wa mtoto. Mwache aingie."

Niliingia nikaangalia skrini. Picha ilikuwa imefunguka nusu. Kilemba cha buluu kilikuwa kimetokea, na paji la uso, basi. Chini ya nyusi kulikuwa na kijivu kitupu. Mshale ulikuwa umesimama. Nilibonyeza, hakuna. Nilipitisha vidole chini ya laptop, mahali diski ilipo, nikangoja. Kwa sababu ya kelele nisingeweza kusikia, lakini nilihisi kwenye ncha za vidole. Tk. Kimya. Tk.

Ile ile. Niliona inakufa kama dada yake.

"Inakuwaje?" mwanaume aliuliza.

Niliunganisha flashi, nikajaribu kuinakili hiyo picha angalau, lakini ikasimama kabla ya kuanza.

"Si tupeleke tu kwa saiba pale juu," alisema. "Wana kompyuta kumi pale."

"Upeleke nini?" mama wa programu alimgeukia. "Kurasa zangu zikifunguliwa kwa saiba, picha inaenda huku, maneno yanaenda kule. Nilishawahi kupeleka, bibi mmoja akazikwa na jina la mtu mwingine. Na hata hivyo, picha yenyewe utaitoa wapi? Si iko humu?"

Mwanaume akafuta uso kwa kiganja. "Alikataa picha maisha yake yote," alisema, "na sasa anakataa hata hii."

Hakuna aliyecheka. Nilitoka nikaenda nyuma ya kibanda kumpigia anko. Mimi kupiga simu huwa najiandaa, naipanga sentensi ya kwanza, lakini siku hiyo sikupanga.

"Anko, ile laptop ya mama wa programu inasimama."

Nilisikia upepo, na mtu anapigilia mabati. "Inasimama wakati gani?"

"Kila wakati."

"Hakuna kitu inaitwa kila wakati. Hata ng'ombe mgonjwa ana saa ya kula. Enda uangalie inasimama wakati gani na inaamka wakati gani, ndio unia..."

Mtandao ukakatika. Nikapiga tena, hapatikani. Nikabaki na simu mkononi, nimekasirika kidogo, kwa kuwa niliona amenipa swali badala ya dawa.

Nilirudi ndani nikaketi mbele ya skrini bila kugusa kitu. Mama wa programu alidhani nimekata tamaa. Alianza kuomba chini kwa chini. Mwanaume alikuwa anaongea na mwenye basi kwa simu, anamwambia, "Ndugu yangu, dakika kidogo tu, wewe ngoja." Kisiagi kikamaliza debe la mtu mmoja, msagaji akakizima ili amfungie unga wake. Kimya kikaingia kwa ghafla.

Mshale ukasogea.

Kijivu kikashuka kidogo, macho yakatokea. Macho ya yule mama, yanaangalia pembeni.

"Ameamka!" mama wa programu alipiga makofi.

Kisiagi kikawaka. Meza ikaanza kutetemeka, na nikaona maji ndani ya chupa ya mama yanachora miduara. Mshale ukasimama. Picha ikaishia kwenye pua.

Hapo ndipo nilipoikumbuka treni. Nilimwona muuza mahindi amesimama na mkono hewani, na mshale wangu umesimama naye, na mimi nimeshika bisibisi bila wasiwasi wowote. Jumamosi ya Msabato, Jumapili ya msagaji. Nilikuwa nimeipima laptop siku mbili ambazo majirani wa kelele wanapumzika kwa Mungu. Halafu nikazikumbuka sweta mbili, zile kinga mbili nilizoziunganisha mwenyewe.

Baadaye anko alinieleza vizuri. Alisema ni kama ploti iliyoandika walinzi wawili kwenye lango moja, na hawajuani. Kishindo kikitokea, wa kwanza anafunga. Wa pili naye anafunga kwa nje. Wa kwanza akifungua anakuta pamefungwa, anafikiri kuna hatari, anafunga tena. Mwenye nyumba anabaki nje na chakula mkononi. Siku ile sikuwa na mfano huo. Nilikuwa na wazo tu kwamba diski haikuwa inakufa, ilikuwa inaogopa, na iliogopeshwa na wawili.

Kinga ya diski iko ndani ya chuma, haizimwi. Ya laptop inazimika. Ila ili niizime nilihitaji laptop iwe macho, na kwa hilo nilihitaji kisiagi kinyamaze. Mtu wa kwenda kusema hivyo alikuwa mimi.

Msagaji alikuwa mweupe mpaka kope. Nilisimama kando yake, akaendelea na kazi, pengine alidhani ninasubiri unga. Nilimgusa mkono.

"Naomba uzime kidogo."

"Eh?"

"Uzime! Kidogo!"

Akazima, akanitazama. Foleni nzima ikanitazama.

"Laptop inasimama kwa sababu ya mtetemo," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Nataka kuirekebisha. Ni ya programu ya mazishi. Basi linaondoka."

"Kwani laptop yenu inaogopa unga?" msagaji aliuliza, na foleni ikacheka.

"Mimi nimeacha watoto nyumbani," mama mmoja alisema. "Wakilia njaa niwapikie programu?"

"Wewe nawe, mtu amekufa," mwenzake akamjibu.

"Najua amekufa. Wangu wako hai, ndio shida."

Msagaji akakuna kichwa, unga ukaanguka. "Madam, sikiza. Lazima nibadilishe chujio, hawa wanataka unga laini. Nikilibadilisha, umepata nafasi yako. Likiingia, nawasha. Mimi sitaki kesi na hawa akina mama."

Nilirudi ndani mbio. Mshale ulikuwa hai. Picha ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kidevu.

"Printi!" mama wa programu alisema. "Printi sasa, ameamka!"

"Bado."

"Bado nini, mami? Si unaona amefunguka?"

Nilijua programu za basi zima hazingemalizika kabla ya chujio kuingia. Kisiagi kingewaka katikati, laptop ingesimama katikati, tungebaki na nusu ya kurasa na kuanza tena. Na kila mara mkono ule ukikimbizwa pembeni na kurudishwa, na diski yenyewe ni ya mtumba, nani anajua ni mara ipi itakuwa ya mwisho. Yote hayo sikuyasema. Niliishika meza tu kwa mkono wa kushoto, na wa kulia nikaufungua ule mchoro mdogo wa kinga chini ya skrini, kile kilaptop kidogo kilichochorwa ndani ya kisanduku.

Maandishi yalifunguka mengi, yote Kizungu. Mimi nasoma neno moja moja, na nikiharakishwa maneno yanaruka. Niliweka kidole kwenye skrini. Neno la kwanza nililijua. La pili sikulijua. Nyuma ya mabati nilisikia msagaji anagonga chujio la zamani litoke. Nikashuka mstari. Nikapata neno la kinga, kando yake alama ya tiki. Nikaiondoa tiki. Kisanduku kingine kikatokea, kinaniuliza kama nina hakika, kwamba nikifanya hivyo laptop ikianguka haitalindwa.

Kidole kikabaki hewani. Laptop hii ilishaanguka mara moja. Watu wote wa mama huyu wako ndani. Nikiwa nimekosea, kama lebo niliisoma vibaya na diski haina kinga yake, basi nawaacha uchi.

"Madam! Nawasha!"

"Bado!"

Sauti ile sikuijua. Ilitoka tumboni, ikapita mabati, na kule nje kimya kikaingia. Kisha nikasikia yule mama wa watoto wenye njaa akisema, "Kumbe ana sauti huyo."

Nilisoma kisanduku tena, neno kwa neno, mpaka mwisho. Nikageuka kwa mwanaume wa mjengo. "Nishikie meza." Akaishika kwa mikono yote miwili kama mtu anayeshika ng'ombe. Nikabonyeza kubali.

"Washa," nilisema, na kwa kuwa sikusikika, mama wa programu akapaza sauti kwa niaba yangu: "Washaaa!"

Kisiagi kikanguruma. Maji kwenye chupa yakachora miduara. Mwanaume alikuwa ameibana meza, lakini mashine ile inatikisa hata ardhi. Sote watatu tuliangalia mshale. Nilitia vidole chini ya laptop nikangoja ile tk. Ilikuja mara moja. Nikafunga macho. Nilipoyafungua, mshale ulikuwa unatembea.

Picha ikashuka yote. Yule mama amekaa kwenye benchi la kanisa, sahani ya wali mapajani, uso umegeuka upande. Anaitazama sahani ya jirani yake, na anakaribia kucheka.

Mwanaume aliachilia meza. Alisogea karibu na skrini, akarudi nyuma, akasogea tena.

Tuliprinti katikati ya kelele. Karatasi zilitoka zina joto na vumbi la unga, mama wa programu akizipanguza kwa leso moja moja kabla ya kuzikunja. Mimi sikuondoa mkono chini ya laptop. Kila debe jipya lilipomiminwa, mashine ikibadilisha sauti, nilikaza vidole. Mwenye basi alipiga simu, akapiga tena. Printa ilikwama mara moja, ilikuwa ni karatasi tu, lakini niliona giza.

Tulipomaliza, mwanaume alikusanya mafungu akayatia ndani ya mfuko wa simiti uliokung'utwa. Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Haitasimama tena?"

"Isipoanguka," nilisema. "Ina kinga moja sasa. Isivutwe tu waya."

Aliutazama ule waya wa chaja unavyoning'inia mahali mtoto yeyote angeufikia. Akaweka mfuko chini. Akatoa koleo na waya wa kufungia nondo kutoka mfuko wa jaketi, akaupandisha ule wa chaja kwenye nguzo, akaufunga huku na huku kwa koleo, imara, kama anafunga nguzo ya ghorofa. Mama wa programu alimwambia aende, basi litamwacha. Akasema bado moja. Alipomaliza aliuvuta kwa nguvu zake zote, nami nikaikumbatia laptop, lakini haikusogea.

Akachukua programu moja kutoka juu ya fungu akanipa.

"Mimi siendi kwa mazishi," nilimwambia.

"Najua. Hii ya juu..." alianza, kisha akanyamaza. Kisiagi hakikuwa kimewaka. Alinyamaza tu.

"Sina paka," nilisema.

Alinitazama kama mtu aliyenitambua. Halafu akainua mfuko begani akatoka mbio, viatu vinapiga njia, na upande wa barabara basi lilikuwa limeanza kupiga honi. Msagaji akawasha. Nikarudisha vidole chini ya laptop, nikahesabu moyoni, nikingoja ile tk, mpaka honi ikapotelea mbali.